Kingamwili za ANCA na Ukali wa Vaskulitisi: Tatizo la Kueleza Majibu ya Damu kwa Kiswahili

Utangulizi

Mgonjwa wa malaria katika Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa maana ya plasi. Akiambiwa ana plasi moja, humeza dawa akarejea shughulini. Akiambiwa ana plasi tatu, jamaa huanza kutafuta nauli ya kumpeleka hospitali kubwa. Kanuni ni nyepesi: alama zikizidi, vimelea vimezidi, na vimelea vikizidi, ugonjwa umezidi. UKIMWI nao uliwafunza wasemaji wa Kiswahili hesabu nyingine mbili. Idadi ya seli za CD4 ikiongezeka, watu hufurahi na kusema kinga imepanda. Wingi wa virusi ukiongezeka, hofu hurejea. Kwa muda wa miongo kadhaa, basi, lugha imejijengea namna yake ya kusoma karatasi ya maabara: nambari hutangulia, na ugonjwa huifuata kama mkia.

Makala haya yanashughulikia ugonjwa ambao kanuni hiyo haiufai. Ni vaskulitisi inayohusishwa na kingamwili za ANCA, ugonjwa adimu ambapo kinga ya mwili huishambulia mishipa midogo ya damu, hususan ile ya mafigo, mapafu na pua. Damu ya mgonjwa hupimwa kingamwili hizo na jibu hutolewa kwa nambari. Swali ambalo matabibu wamelijadili tangu miaka ya 1980 ni hili: nambari hiyo inasema nini juu ya ukali wa ugonjwa? Swali la mwanafunzi wa Kiswahili ni jirani wa hilo. Jibu la matabibu, ambalo si ndiyo wala si la, lisemwe vipi kwa lugha ambayo tayari imezoea kusema "imepanda" kwa maana ya "mambo yameharibika"?

Swali hili si la anasa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo inamtaka mhudumu wa afya, inapowezekana, ampe mgonjwa maelezo kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Ilhali biolojia ya shule ya upili na masomo yote ya udaktari nchini hufundishwa kwa Kiingereza. Daktari hulazimika kutafsiri papo kwa papo, chumbani mwake, mgonjwa ameketi mbele yake na foleni inangoja nje. TUKI ilitoa Kamusi ya Tiba mwaka 2003, na ni hatua ambayo wapenzi wa lugha wanapaswa kuienzi. Lakini istilahi iliyomo kamusini haijafika chumbani humo hadi itiwe katika sentensi. Sentensi ndiyo inayochunguzwa hapa.

Mshipa, uvimbe na kinga

Neno vaskulitisi halimwambii mgonjwa chochote. Aghalabu hufasiriwa kuwa "uvimbe wa mishipa ya damu", tafsiri ambayo kila neno lake lina mzigo.

Katika Kiswahili cha kila siku, mshipa ni mfereji wa damu, ni neva, ni kano, na tena ni jina la ngiri. Mzee akisema anasumbuliwa na mshipa, wasikizaji hawafikirii damu hata kidogo. Wanataaluma wamejaribu kuleta utengano kwa kukopa ateri, vena, kapilari na neva, na mikopo hiyo imekita mizizi madarasani. Hata hivyo, anayeambiwa hospitalini kwamba ana ugonjwa wa mishipa yamkini atatazama miguu yake, atafute mishipa iliyotutumka, asiione, na ajihesabu mzima. Mishipa inayohusika hapa ni midogo mno, ile isiyoonekana ila kwa hadubini. Heri daktari atumie maneno mengi na kusema "mishipa midogo sana ya damu iliyomo ndani ya figo" kuliko kutumia neno moja linalopeleka macho kwingine.

Uvimbe una taabu yake. Neno hili hutumiwa kwa nundu ya kipande cha mwili, kwa jipu, hata kwa saratani. Katika vaskulitisi hakuna nundu ya kushikwa kwa mkono. Kinachotokea ni kwamba chembe nyeupe za damu huvamia ukuta wa mshipa na kuuharibu. Ukuta hutoboka na damu ikavuja, au mshipa huziba na sehemu iliyotegemea damu yake ikafa. Figo ikivuja hivyo, damu huingia katika mkojo kwa kiasi ambacho mara nyingi jicho halikioni. Mapafu yakivuja, mgonjwa hukohoa damu na kukosa pumzi. Picha ya kuta zinazoliwa kutoka ndani iko karibu na ukweli kuliko picha ya kitu kinachovimba.

Neno la tatu, kinga, ndilo lenye historia nzito zaidi. Ufupisho UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini, ni mojawapo ya kazi bora za uundaji istilahi katika Kiswahili: unatamkika, unanyambulika na umeenea hadi vijijini. Lakini ufanisi wake una gharama. Kwa msemaji wa kawaida, "ugonjwa wa kinga" una maana moja tu, na maana hiyo huja na fedheha yake. Mgonjwa wa vaskulitisi ana shida iliyo kinyume kabisa. Kinga yake haijapunguka. Inafanya kazi kwa bidii, ila imekosea adui. Tena dawa anazopewa hukusudiwa kuipunguza kinga hiyo, jambo ambalo masikioni mwa aliyelelewa na kampeni za miaka ya 1990 linafanana na wazimu.

Ndiyo maana wengi hukimbilia kirejeshi -ji- na kusema "mwili unajishambulia". Ni muundo safi kisarufi na mfupi. Tatizo ni kwamba -ji- katika Kiswahili aghalabu huvuta dhana ya hiari, hata ya lawama: kujiua, kujidhuru, kujitakia, kujiponza. Mgonjwa aliyeambiwa mwili wake unajishambulia anaweza kuuliza amekosa nini. Msemo "kikulacho ki nguoni mwako" nao, japo unamjia kila mtu mdomoni, humfanya adui kuwa msaliti anayejua atendalo. Kingamwili haijui lolote. Sentensi yenye yambwa bayana, "kinga inaishambulia mishipa yako kimakosa", ni ndefu kidogo lakini haimtii mgonjwa hatiani.

Jina lililoondolewa

Kabla ya kufika kwenye damu, kuna kisa cha jina ambacho wanafunzi wa istilahi watakifurahia. Aina moja ya vaskulitisi hii, ile inayounda vinundu puani na mapafuni, kwa miongo mingi iliitwa kwa jina la Friedrich Wegener, mwanapatholojia wa Ujerumani aliyeieleza mwaka 1936 na tena mwaka 1939. Heinz Klinger alikuwa ameeleza mgonjwa wa namna hiyo mwaka 1931, lakini bahati ya majina haifuati daima utangulizi. Mnamo mwaka 1989 chama kimoja cha madaktari wa kifua cha Marekani kilimtunuku Wegener. Baadaye ilibainika kwamba alikuwa mfuasi wa Wanazi, aliyejiunga na wanamgambo wao mwaka 1932 kabla hata Hitler hajatwaa madaraka, na tuzo ikafutwa mwaka 2000. Mwaka 2011 vyama vikubwa vya mafigo na vya baridi yabisi vya Marekani na Ulaya vilipendekeza jina la kimaelezo badala ya jina la mtu.

Jina jipya lilitaja vinundu na mishipa mingi, yaani lilisema kinachoonekana katika hadubini. Ni mkondo uleule uliofuatwa na wenzake wawili: vaskulitisi ya hadubini, isiyo na vinundu, na ile inayoambatana na pumu pamoja na wingi wa chembe ziitwazo eosinofili, ambayo Jacob Churg na Lotte Strauss waliieleza mwaka 1951. Kwa Kiswahili, mabadiliko haya ni neema. Jina la mtu halitafsiriki, ila la kimaelezo linatafsirika.

Kinachopimwa katika damu

ANCA ni ufupisho wa Kiingereza unaosimamia kingamwili zinazolenga vitu vilivyomo ndani ya nutrofili, yaani chembe nyeupe zilizo nyingi kuliko zote katika damu. Mwaka 1982 kundi la madaktari wa Australia lilizieleza kwa wagonjwa wanane wa figo, wakidhani huenda kuna virusi vinavyoenezwa na mbu. Makala hayo hayakuzua gumzo kubwa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1985, van der Woude na wenzake wa Uholanzi na Denmaki walichapisha katika jarida la Lancet makala yaliyozihusisha na ugonjwa uliokuwa ukiitwa wa Wegener. Wanafunzi wa fasihi, waliozoea kuchunguza anwani ya kazi kabla ya kazi yenyewe, watazame anwani ya makala hayo: ilizitaja kingamwili hizo kuwa nyenzo ya kutambua ugonjwa na papo hapo kuwa alama ya uhai wa ugonjwa. Madai mawili yalitiwa katika kichwa kimoja. La kwanza limethibitika. La pili ndilo lililozua mjadala ambao haujaisha.

Katika mbinu ya kwanza ya upimaji, majimaji ya damu ya mgonjwa huwekwa juu ya nutrofili zilizogandishwa katika kioo, kisha hutazamwa chini ya hadubini yenye mwanga maalumu. Chembe zikimeremeta mwili mzima huitwa aina ya C. Zikimeremeta kuzunguka kiini huitwa aina ya P. Hapa pana kichekesho cha kisayansi. Mng'aro wa kuzunguka kiini hauko katika chembe hai. Huzuka kwa sababu chembe hugandishwa kwa spiriti, na protini inayolengwa, yenye chaji chanya, huvutwa hadi kwenye kiini chenye chaji hasi. Chembe zikigandishwa kwa formalini, protini hubaki mahali pake na mng'aro huenea kote. Kwa maneno mengine, nusu ya istilahi hiyo ilitokana na dawa ya maabara.

Protini zenyewe zilitambuliwa mwishoni mwa miaka ya 1980: mieloperoksidezi, au MPO, katika kazi ya Falk na Jennette ya mwaka 1988, na proteinezi ya 3, au PR3, muda mfupi baadaye. Makubaliano ya kimataifa ya mwaka 2017 yalipendekeza kwamba mgonjwa anayeshukiwa apimwe moja kwa moja kingamwili za PR3 na za MPO, pasipo kulazimika kuanzia kwenye mng'aro.

Nambari nayo haina budi kueleweka inatoka wapi. Katika mbinu ya zamani, majimaji ya damu huzimuliwa mara kwa mara: sehemu moja kwa 20, kwa 40, kwa 80, na kuendelea, hadi mng'aro upotee. Nambari inayoandikwa ni ile ya mwisho ambapo mng'aro bado unaonekana. Katika mbinu mpya huandikwa vizio, na vizio vya mtengenezaji mmoja wa vifaa havilingani na vya mwingine. Mgonjwa aliyepimwa Kisumu mwezi Januari na Nairobi mwezi Juni kwa vifaa tofauti hawezi kulinganisha karatasi zake mbili, sawa na mtu asiyeweza kulinganisha pishi na kilo pasipo kujua uzito wa nafaka.

Je, nambari kubwa ni ugonjwa mkali?

Dhana kwamba kingamwili hizi zina mkono katika madhara yenyewe ina mashiko. Mwaka 2002 watafiti wa Chapel Hill, Marekani, waliwadunga panya kingamwili za MPO, na panya hao wakapata ugonjwa wa mafigo unaofanana na wa binadamu. Mwaka 2004 iliripotiwa habari ya mtoto mchanga aliyevuja damu mapafuni na kuathirika figo baada ya kingamwili za mama yake kupita katika kondo. Ushahidi huo ukisomwa peke yake, mtu atasema mambo ni wazi: kingamwili zikizidi, madhara yazidi.

Lakini mwaka 2009 iliripotiwa habari ya mtoto mwingine. Kingamwili za MPO za mama zilimfikia vilevile, naye akazaliwa buheri wa afya. Watoto wawili hawatoshi kujenga nadharia, ila wanatosha kubomoa usahili.

Sababu za tofauti hiyo zimeanza kufahamika. Nutrofili iliyotulia huficha PR3 na MPO tumboni mwake, mahali ambapo kingamwili haifiki. Ni pale inapoamshwa, kwa mfano na maambukizi, ndipo huzitoa hadi juu ya ngozi yake na kushikwa. Kingamwili nyingi zikikuta nutrofili zilizolala hazina pa kushika. Isitoshe, si kila kingamwili ya MPO hushika mahali pamoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba baadhi ya sehemu za MPO hushikwa tu wakati ugonjwa uko hai, ilhali nyingine hushikwa na kingamwili zinazopatikana hata kwa watu wazima wa afya. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba kwa baadhi ya wagonjwa walioandikiwa kuwa hawana ANCA, kingamwili zilikuwepo, ila zilifunikwa na kipande cha protini nyingine ya damu hata kipimo cha kawaida kisizione. Kipimo huhesabu vichwa. Hakitambui nani ameshika silaha.

Tafiti za wagonjwa zimefuata njia yenye mizunguko. Mwaka 1990 watafiti wa Uholanzi waliwachukua wagonjwa 20 ambao kipimo chao kilikuwa kimepanda, wakawatibu baadhi mara moja na kuwaacha wengine hadi dalili zitokee. Waliotibiwa mapema walisalimika na kurudiwa na ugonjwa, na wengi kati ya walioachwa wakarudiwa. Kama mambo yangalikomea hapo, kanuni ya plasi ingalishinda. Mwaka 2007, hata hivyo, uchanganuzi wa Finkielman na wenzake huko Marekani uligundua kwamba uhusiano kati ya kiwango cha kingamwili za PR3 na uhai wa ugonjwa ni hafifu, na kwamba kupanda kwake hakukutabiri kurudi kwa ugonjwa. Mwaka 2012 tafiti nyingi zilijumlishwa pamoja. Jibu likawa la katikati, kwamba kupanda huongeza uwezekano wa ugonjwa kurudi, lakini kwa kiasi kisichotosha kuwa msingi wa kumpa mtu dawa. Utafiti wa Maastricht wa mwaka 2015 juu ya wagonjwa 166 uliongeza jambo lenye manufaa: kwa wale ambao mafigo yao yalikuwa yameathirika, kupanda kwa ANCA kulihusiana sana na kurudi kwa ugonjwa, kwa wasioathirika mafigo, uhusiano huo ulikuwa dhaifu zaidi.

Fauka ya hayo, wapo wagonjwa mahututi wasio na ANCA kabisa. Takriban mmoja kati ya kumi wa wenye ugonjwa wa mafigo wa namna hii hupimwa na kuonekana hana. Katika ile aina ya pumu na eosinofili, walio na ANCA ni wachache kuliko wasio nayo. Kwa upande mwingine, kuna walio nayo bila vaskulitisi. Maambukizi ya muda mrefu katika vali za moyo, kifua kikuu na amiba vimewahi kuhusishwa na ANCA, na vivyo hivyo dawa ya shinikizo la damu iitwayo hidralazini na dawa ya tezi iitwayo propiltiourasili. Katika nchi ambamo kifua kikuu kingali tatizo kubwa, na ambamo vinundu vya mapafuni humfanya tabibu kukifikiria kwanza, jambo hili si la pembeni. Mgonjwa wa kifua kikuu akipewa dawa za kudidimiza kinga kwa sababu karatasi ilisema "chanya", madhara yake hayahitaji kusimuliwa.

Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2022 kwa hiyo inashikilia kwamba uamuzi wa kubadili matibabu utokane na uchunguzi wa mgonjwa mwenyewe, kwa utaratibu maalumu, wala si ANCA peke yake. Sababu ni hatari iliyo pande zote mbili. Mwaka 1958 ilibainishwa kwamba mgonjwa asiyetibiwa aliishi kwa wastani wa miezi mitano tu, na asilimia 82 walifariki katika mwaka wa kwanza. Dawa zilizougeuza mkondo huo, siklofosfamidi na steroidi, zinaweza kuleta kisukari, mifupa dhaifu, utasa, kutokwa damu kibofuni na maambukizi yanayoua. Kumpa mtu dawa hizo kwa ajili ya nambari ni kumdhuru. Kumnyima akiwa anakohoa damu, eti nambari iko chini, ni kumwacha afe.

Ukali, uhai na makovu

Kiini cha mkanganyiko, kwa mtazamo wa lugha, ni kwamba neno ukali linabebeshwa dhana tatu. Kuna uhai wa ugonjwa, yaani iwapo mashambulizi yanaendelea sasa. Kuna ukali wenyewe, yaani iwapo mashambulizi hayo yanagusa kiungo ambacho mtu hawezi kuishi bila hicho. Pua inayotoka damu na pafu linalotoka damu vyote viko hai, lakini havitoshani. Tena kuna makovu, yaani hasara iliyokwisha kutokea na isiyorudishwa kwa dawa. Matabibu wana orodha za alama kwa dhana hizi: ile ya Birmingham ya mwaka 1994 huhesabu uhai, na nyingine ya mwaka 1997 huhesabu hasara. Kipande cha figo kikitazamwa kwa hadubini, chembe zilizorundikana ndani ya kichujio huonekana kwa umbo la hilali, na hilali mbichi ni dalili ya mashambulizi yanayoendelea, ilhali kichujio kilichokakamaa ni kovu. Mgonjwa mwenye kovu anaweza kuhitaji mashine ya kusafisha damu maisha yake yote, na ANCA yake iwe haionekani tena.

Kiswahili hakikosi maneno ya kutenga hali hizi; kinachokosekana ni mazoea ya kuyatumia. Neno ahueni ni mfano mzuri. Anayepata ahueni hajasemwa kuwa amepona; amepata nafuu, na msikizaji anajua kwamba nafuu huweza kuondoka. Hivyo ndivyo matabibu wanavyokusudia wanaposema ugonjwa umetulia. "Kupona" hudanganya. Kwa hali ya ugonjwa kuzuka tena, kauli ya kutendea inatosha: ugonjwa umemrudia. Kiambishi cha yambwa kinamweka mgonjwa palipo pake, kama mtendewa.

"Chanya" ni neno la kuepukwa. Katika matumizi ya sasa chanya ni sifa njema, kama katika mtazamo chanya au mchango chanya, nayo maabara inalitumia kwa jambo la kutia hofu. Wasomi hubadilisha maana kulingana na muktadha bila taabu, lakini anayepokea habari za mwili wake hana utulivu wa kufanya hivyo.

Sentensi ya majibu

Ichukuliwe kwamba mwanamke wa makamo amerudi kliniki miezi minane baada ya matibabu. Hana dalili yoyote. Mkojo ni safi, kreatini haijabadilika, mapafu ni mazima. Kipimo cha PR3 kimeongezeka maradufu. Daktari akimwambia "ANCA yako imepanda", amesema kweli, na mgonjwa atasikia kwamba ugonjwa umerudi. Huenda akarudi nyumbani kuuza mbuzi. Akimwambia "usijali, ni nambari tu", amemwondolea sababu ya kurudi mapema, na iwapo figo zake ziliwahi kuathirika, utafiti wa mwaka 2015 unaonyesha kwamba ana sababu ya kurudi.

Inapendekezwa sentensi ya namna hii: "Mama, zile kingamwili tulizoziona mwanzoni zimeongezeka katika damu. Leo figo na mapafu yako hayaonyeshi kwamba ugonjwa umekurudia, kwa hiyo hatubadilishi dawa. Lakini tutaupima mkojo wako kila mwezi badala ya kila miezi mitatu, na ukiona damu puani au katika kikohozi, au mkojo umekuwa kama chai ya rangi, njoo siku hiyohiyo." Vitenzi ndivyo vinavyofanya kazi hapa. "Zimeongezeka" ni ya kingamwili, "hayaonyeshi" ni ya viungo, na "umekurudia" ni ya ugonjwa. Kila nomino imepewa kitenzi chake, na hakuna kitenzi kimoja kinachobebeshwa nomino zote tatu.

Baada ya maelezo hayo, mgonjwa mwerevu atauliza kwa nini basi anatobolewa kidole na mkono kila mara ikiwa nambari haimwambii daktari ugonjwa ni mkali kiasi gani. Ni swali la haki, na lina jibu. Aina ya kingamwili husaidia kuutambua ugonjwa pale dalili zinapofanana na za mengine. Hutofautisha pia wanaoelekea kurudiwa mara nyingi, ambao ni wale wa PR3, na wale wa MPO, ambao mafigo yao aghalabu hukutwa na makovu zaidi. Tena nambari, hata isipotosha kumpa mtu dawa, inatosha kumpangia tarehe ya kurudi.